Mama Yule Anakimbilia Wapi?

Kiswahili chetu kina neno moja, kukimbia, kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtoto akifuata kipepeo hukimbia, na mtu akifukuzwa kwa bunduki hukimbia vile vile. Katika shina hilo hilo twapata mkimbiaji, mtu wa michezo, na mkimbizi, mtu aliyeiacha nyumba yake na kuchukua alichoweza kubeba tu. Wafaransa wana maneno mawili mbalimbali, wala hawayachanganyi. Sisi watu wa Bukavu hatukuona haja ya neno la pili. Kwa miaka mingi mtu mzima aliyeonekana akikimbia barabarani alikuwa akikimbia jambo moja tu, na kila aliyemwona alijua ni lipi.

Twapenda leo kuwasimulia wasomaji habari za mwanamke mmoja wa Bagira. Ni dada yetu, mzaliwa wa kwanza nyumbani kwetu. Jina lake hatulitaji, maana ametupa ruhusa ya kusimulia, si ya kumtangaza. Sisi humwita Yaya, kama ilivyo desturi ya hapa, na ndivyo tutakavyomwita.

Kwa wasioijua Bagira: ni moja katika komini 3 za mji wa Bukavu, pamoja na Ibanda na Kadutu. Nyumba zake za mistari zilijengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950 ziwe makao ya wafanyakazi Waafrika, juu ya kilima, mbali na nyumba za Wazungu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, nasi tuko juu ya ziwa. Njia iliyolala ni haba. Ukitoka mlangoni, ama unapanda ama unashuka, na aliyeshuka kuchota maji atapanda akiwa na bidoni. Wakati wa mvua udongo huteleza kama sabuni. Basi mtu akisema kwamba wanawake wa Bagira hawana haja ya michezo kwa kuwa miguu yao yafanya kazi ya kutosha, twaelewa asemalo. Tumewaona mama zetu wakipanda kutoka ziwani, mzigo mgongoni, kamba imepita kipajini, shingo imekazwa hata mishipa yaonekana. Lakini hatukubaliani naye. Mwili uliobeba mzigo tangu alfajiri umetii, haukucheza. Kutii na kucheza ni mambo mawili, kama kukimbia kwa namna mbili.

Yaya alizaliwa mwaka 1985. Alipokuwa darasa la tano la msingi alikuwa hodari wa handiboli, na katika mbio za watoto wavulana wengi waliona kisigino chake tu. Mama yetu asimulia kwamba hakujua kumtuma dukani kwa mwendo wa kawaida. Alikwenda mbio, akarudi mbio, na chumvi ikamwagika njiani.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vikaingia Bukavu. Wasomaji wetu wazee hawahitaji kukumbushwa juma lile, maana ndilo ambalo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini, tarehe 29. Nyumbani kwetu baba alichukua gunia la unga na godoro, mama alichukua mtoto mchanga, na Yaya, mwenye miaka 11, alitubeba sisi, tuliokuwa na miaka 4. Tukaelekea vilima vya Kabare pamoja na umati. Hatukumbuki mengi. Twakumbuka harufu ya jasho shingoni mwake, na jinsi kidevu chetu kilivyogonga bega lake kila alipotupa hatua. Aliteremka, akapanda, akaanguka mara mbili, na mara zote mbili aliangukia magoti ili sisi tusiumie. Makovu anayo hata leo.

Tuliporudi Bagira, shule ilifunguliwa, na mpira wa handiboli ulikuwapo bado. Yaya hakucheza tena. Mama alipomwuliza, alijibu kwamba amekwisha kukimbia, inatosha.

Baadaye yakaja mambo mengine, madogo kwa kuyatazama, lakini kila moja liliufunga mlango zaidi. Katika shule ya sekondari aliyosomea, adhabu ya kuchelewa ilikuwa kuzunguka uwanja mara 10 mbele ya wenzake. Naye alichelewa mara nyingi, kwa kuwa bomba la maji lilikuwa na foleni, na foleni haikujua saa ya kengele. Basi akazunguka, sketi imekamatwa kwa mkono mmoja, wavulana wakicheka madirishani. Twafikiri hakuna njia nzuri zaidi ya kumchukiza mtoto na jambo jema kuliko kulifanya adhabu. Kisha akawa msichana mkubwa. Mwalimu mmoja wa michezo aliyeona miguu yake alitaka kumpeleka kwenye mashindano ya shule, lakini ilimpasa kuvaa kaptula. Marehemu baba yetu hakuwa mtu mkali. Alisema tu kwamba binti anayeonyesha mapaja uwanjani atapata tabu kupata mchumba, akaendelea kula. Maneno yakaisha hapo, kama mambo mengi ya wasichana yanavyokwisha, mezani, kati ya bugali na sombe, bila mtu kupandisha sauti.

Mwaka 2004, tarehe 2 Juni, askari wa Nkunda na Mutebutsi wakauteka mji. Yaya alikuwa ameolewa, tena ana mimba ya miezi 6. Akakimbia mara ya pili. Safari hiyo hakumbeba mtu mgongoni, ila alimbeba tumboni. Mtoto yule alizaliwa mzima.

Miaka ikapita katika biashara ya sambaza. Alinunua samaki ziwani mapema, akapanda nao hata soko la Bagira, akauza kwa vipimo vya kikopo, akalipa karo ya watoto 5. Kufika mwaka 2022 mwili wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba jioni, usingizi ulimpotea, moyo ulimpiga usiku kana kwamba kuna mtu anagonga mlango. Muuguzi alimpima damu, akaona inasukuma mno, akampa dawa, akamwagiza pia atembee nusu saa kila siku bila mzigo. Yaya alicheka hata machozi.

“Bila mzigo?” akasema. “Watu si watasema nimefukuzwa na mume?”

Lakini alitii, maana aliogopa kuwaacha watoto. Alianza mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu, mara baada ya Misa ya asubuhi. Alivaa kikwembe juu ya suruali, na miguuni viatu vya mpira alivyovipata soko la Kadutu katika lundo la vitu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, kimoja kikiwa kimefifia rangi kuliko chenzake. Saa hakuwa nayo, akapima kwa Rozari. Makumi matano yalimfikisha barabara kubwa na kumrudisha.

Hatujui siku gani kutembea kuligeuka. Yeye mwenyewe asema palikuwa na mteremko mfupi ambao mguu ulitaka wenyewe kwenda haraka, akauachia. Alifika chini akihema, akatazama nyuma kama mwizi. Kesho yake akaachia tena. Baada ya juma chache alikuwa amejifanyia kanuni: kumi moja la Rozari kukimbia polepole, kumi moja kutembea. Na kama akikimbia alishindwa kuimaliza Salamu Maria kwa pumzi moja ya kawaida, alijua amezidisha, akapunguza. Tumesoma baadaye kwamba walimu wa mbio huwafundisha wanaoanza vivyo hivyo: wachanganye kutembea na kukimbia, tena wakimbie kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Moyo hupata nguvu kwa kazi ya polepole ya muda mrefu, si kwa kuchapwa. Yaya hakusoma kitabu cho chote juu ya hayo. Alikuwa hataki kukatisha sala, basi.

Twaja sasa kwenye asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka ule ule. Mvua ilikuwa imekawia, na Yaya alitoka kabla ya mwanga ili awahi ziwani baadaye. Alikuwa akipanda mbio katikati ya nyumba. Mama mmoja aliyekuwa akiwasha moto nje alimwona, mwanamke mzima anakuja mbio gizani, mikono mitupu. Hakumwuliza neno. Aliingia ndani akawaamsha watoto. Jirani akasikia, akafungua mlango, akaita: “Wameingia?” Mlango wa tatu ukafunguliwa, wa nne, na mzee mmoja akatoka na redio mkononi na kiatu kimoja. Yaya aliposimama kuwaeleza kwamba hakuna kitu, kwamba yeye anakimbia tu, hawakuelewa. Anakimbia nini? Hakuna. Anakimbilia wapi? Nyumbani. Anatoka wapi? Nyumbani.

Wengine walicheka, wengine walikasirika, na haki walikuwa nayo. Yule mama aliyewaamsha watoto alilia. Yaya aliketi naye karibu na moto hata maji yakachemka.

Jioni mzee wa redio akaja kwetu. Ni mtu wa shirika letu, tena mtu wa maana. “Mwalimu,” akasema, “mwambie dada yako aache. Mwanamke mwenye watoto 5 hakimbii bila sababu. Awatia watu hofu.” Tukamjibu kwamba ataombwa kukimbia kukiwa na mwanga, hilo ni haki. Ila juu ya kukimbia kwenyewe tulimkumbusha kwamba Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto aliuchukua mfano wake uwanjani, kwa wakimbiaji, maana karibu na Korinto palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka 2, na wasomaji wake waliyajua mambo hayo. Mzee akatafakari, akasema: “Paulo hakuwa mama wa watoto.”

Jibu lake lilitupendeza, tukaenda kutafuta habari. Tuliyoyapata tulimpelekea mzee siku nyingine, bila kumficha yaliyomsaidia yeye.

Kwanza, hofu ya kumwona mwanamke akikimbia haikuzaliwa Bagira. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Magazeti yakaandika kwamba walianguka ovyo kwa uchovu. Habari hizo zilitiwa chumvi nyingi, lakini wakubwa wa michezo walizishika, wakaifuta mbio hiyo kwa wanawake, nayo haikurudi mpaka Roma mwaka 1960. Miaka 32 kwa sababu ya kuhema! (Wanaume walioanguka kwa uchovu waliitwa mashujaa.) Mwaka ule ule wa 1928 Papa Pius XI naye alilalamikia mashindano ya wasichana mjini Roma, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mpanda milima hodari ujanani. Hapo mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tukamwambia kwamba tangu 2019 Vatikano ina chama chake cha wakimbiaji, na ndani yake wamo mapadri, walinzi wa Papa, na masista pia. Mzee akauliza masista hao huvaa nini. Tukasema hatukuwapo.

Marathoni, mbio zile za kilomita 42, wanawake walipewa katika Olimpiki mwaka 1984 tu. Na miaka 10 baadaye, 1994, akatokea jirani yetu, Tegla Loroupe, Mpokoti wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda marathoni ya New York, naye akashinda tena 1995. Huyu utotoni alikwenda shule kwa mbio, kilomita 10 hivi, na baba yake hakupenda awe mkimbiaji. Habari hii tulimsomea Yaya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Yule alikuwa na baba kama wetu.” Na kwa wale wanaosema mama wa watoto yamekwisha, Mkenya mwingine, Faith Kipyegon, alijifungua mwaka 2018, kisha akarudi akachukua dhahabu ya mita 1,500 kule Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024.

Lakini lililotushika zaidi ni Michezo ya Rio ya mwaka 2016. Mwaka ule kwa mara ya kwanza palikuwa na kikosi cha wakimbizi, watu 10 wasio na bendera ya nchi. Mkuu wa msafara wao alikuwa Tegla Loroupe yule yule. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudani Kusini waliolelewa kama wakimbizi katika kambi ya Kakuma, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeshika bendera. Hapo Kiswahili chaweza kusema kwa pumzi moja kwamba mkimbizi alikuwa mkimbiaji, na neno lisilete aibu. Na wawili wengine walikuwa watu wa kwetu: Popole Misenga na Yolande Mabika, wacheza judo, wazaliwa wa Bukavu, waliotenganishwa na jamaa zao na vita wakiwa watoto wadogo, wakakulia Kinshasa, wakaomba hifadhi Brazili mwaka 2013. Katika Michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 kwa bendera ya Kongo yetu. Yaya alipoambiwa kwamba Yolande ni wa Bukavu, aliuliza kama wazazi wake waliwahi kumwona tena. Alilotaka kujua ni hilo tu. Medali hakuiulizia.

Tulimwuliza siku moja, tukiwa tumeketi mlangoni pake akichambua sambaza, anapata nini katika kukimbia. Damu yake ilikuwa imetulia, usingizi ulikuwa umerudi, hayo tuliyajua. Twakiri tulitarajia atataja afya. Aliendelea kuchambua, akasema:

“Hakuna anayenifuata.”

Kisha akaeleza, kwa namna yake ya kukata kata maneno. Kwamba mara zile mbili masikio yake yalikuwa nyuma, yakisikiliza. Siku hizi masikio yako mbele. Asikia jogoo, asikia kengele, asikia miguu yake. Akifika juu kwenye kona ambapo ziwa laonekana, asikia furaha kama ya mtoto aliyeibiwa kitu akakikuta, na mara nyingine acheka peke yake, ndiyo sababu hupenda kukimbia bila mwenzi. Mume wake, fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache, alikuwa ndani akisikia. Akasema: “Arudi tu kabla chai haijapoa.” Mpaka leo hilo ndilo neno lote alilolisema juu ya jambo hili, na chai humfunikia kwa sahani.

Halafu ikaja Februari 2025. Katikati ya mwezi ule M23 waliingia Bukavu. Watu wengi walikimbia, wengine walibaki. Yaya alibaki. Mama mkwe wake hakuweza kutembea, na Yaya alisema mgongo wake haubebi tena mtu mzima. Kwa siku kadha walilala sakafuni, mbali na dirisha. Viatu vya mpira vilikuwa chini ya kitanda, navyo vilikaa pale miezi mingi, maana kwa siku zile mtu kukimbia barabarani lilikuwa jambo la hatari, na la kuwatia wengine hatari. Tulidhani jambo limekwisha, kama handiboli.

Hatukumshauri neno. Siku moja, katika kiangazi cha mwaka ule, alikuja kutuuliza kama uwanja wa shule huwa wazi Jumamosi. Alikuwa amefikiri hivi: nje ya ukuta mtu akimbiaye huwatisha watu, ndani ya ukuta hamtishi mtu. Tukamwombea ruhusa. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Mara ya pili alikuja na yule mama wa moto, aliyewaamsha watoto siku ile. Huyo hakukimbia, alizunguka akitembea, huku akimwambia Yaya kila anapompita kwamba ana wazimu. Juma la nne alikuwa akikimbia upande mmoja wa uwanja na kutembea pande tatu.

Sasa wapo kina mama wa mashirika mawili, na wasichana wachache. Wasichana hupenda kushindana. Kina mama hawapendi, ila kila mmoja ajua nani yuko mbele. Kuhusu mavazi wamekubaliana kwamba kila mtu avae apendavyo, na mazungumzo hayo yalichukua Jumamosi mbili nzima. Ufunguo wa lango hushikwa na mzee wa redio, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo karibu. Hufungua saa 12 na nusu asubuhi, huketi juu ya jiwe na redio yake, na hufunga wakitoka. Tulipomwuliza kwa nini haendi kulala wakati wanazunguka, alisema kwamba lazima mtu awahesabu.

Jumamosi iliyopita alihesabu 14. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na kona ya chini ilikuwa tope, basi wakazunguka mara 6 badala ya 10, wakavua viatu, wakavipiga ukutani, wakashuka ziwani kununua sambaza.